Watani Wetu Wayanomami

Koti la babu yangu lilinuka moshi wa kienge. Kienge ni fungu la nyasi na magome makavu ambalo mrina asali hulichoma ili awafukize nyuki, na moshi wake ukishaingia kwenye nguo hautoki kwa sabuni wala kwa jua. Juu ya moshi ilikuwepo harufu ya nta, na juu ya nta jasho la babu mwenyewe, ambaye aliamini kwamba kuoga mara kwa mara kunawachanganya nyuki. Jumapili alipolivaa kwenda kanisani, pale Inyonga, watu wa benchi letu walisogea upande wa pili bila kuambiwa, na Padri akimfikia kwa komunyo aligeuza uso kidogo, kwa adabu, mithili ya mtu anayezuia chafya. Bibi alilificha koti hilo mara nyingi. Babu alilipata kila mara, kwa kuwa alilitafuta kwa pua.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Baba yangu alifanya kazi ya reli Mpanda mjini, naye alikuwa ameniacha kwa wazazi wake ili nikue, kwa maneno yake, kwenye hewa safi. Hewa yenyewe ndiyo hiyo ya koti. Babu alikuwa Mkonongo wa kuzaliwa na wa kujisifia. Ng'ambo ya korongo alikuwa na pori alilorithi kwa baba yake, lenye miyombo, mininga na mitundu, na kwenye miti hiyo alitundika mizinga yake ya magome. Mvua zikiisha na nyasi zikianza kuwa njano, na sisi watoto tukifunga shule kwa likizo ya mwezi wa sita, familia nzima ilihamia huko. Tulijenga vibanda vya majani, tukala ugali kwa asali, mihogo kwa asali, na siku ambayo hakukuwa na ugali wala mihogo tukala asali kwa asali. Masega yalikamuliwa kwa mikono juu ya vibuyu, nta ikachemshwa kwenye sufuria lililozeeka kwa kazi hiyo, nasi watoto tulizunguka na matumbo yaliyojaa na vidole vilivyoshikana. Hakuna Krismasi iliyoifikia kambi ile. Mwaka wangu ulianzia pale.

Kambi ilikuwa na masharti yake, na sharti kubwa lilikuwa moja: mtu mwenye ugomvi nyumbani hapandi mtini. Nyuki, alisema babu, hunusa kinyongo. Mrina akipanda huku ana neno na mwenzake, wao wanalisikia kabla hajafika tawini, na watamshushia hasira ambayo si yao. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya safari, babu aliwakalisha watu wote wa nyumbani na kila mmoja akatoa la moyoni, likaongelewa hadi likaisha. Kwa wengine ilichukua dakika chache. Bibi alijiwekea akiba ya mwaka mzima, na siku hiyo alikaa chini, akanyoosha miguu, akaanza na mambo ya mwaka waliooana. Babu hakuwa na ujanja ila kusikiliza na kuitikia, maana asali yote ilikuwa mikononi mwa ulimi wa mkewe.

Mwaka ninaousimulia ugomvi haukutoka kwa bibi. Ulitoka kwa baba mdogo Januari, mtoto wa mwisho wa babu, kijana mwenye mwanya na viatu vilivyong'aa kupita vya mwalimu mkuu. Januari alikuwa amepata mchumba kule Magamba, na wazazi wa binti walikuwa wamesema wazi kwamba mtoto wao hatakwenda kulala chini ya nyasi. Walitaka nyumba ya bati. Bati lilitoka kwenye tumbaku, kila mtu Inyonga alilijua hilo, na tumbaku haikauki kwa pumzi. Inataka bani, yaani nyumba ya udongo ya kukaushia, na bani linataka kuni, rundo juu ya rundo. Januari alitazama huku na huku akitafuta kuni, macho yake yakatua kwenye pori la ng'ambo ya korongo.

Babu aliposikia hakusema kitu kwa siku nzima. Sisi tuliomjua tulianza kuondoa vyombo vya kuvunjika. Kesho yake alizungumza, na kifupi cha aliyoyasema ni kwamba miti ile ilimlea yeye, ikamlea baba yake, ikamlipia Januari huyohuyo shule, na mtu atakayeigusa ajue amemgusa mbavu. Januari naye hakuwa bubu. Alijibu kwamba miti si nyuki tu, na kwamba yeye hawezi kumwoa mzinga. Bibi aliangua kicheko pale pale, babu akamnunia kwa kucheka, na ugomvi wa watu wawili ukawa wa watatu. Wahenga wamesema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Majirani walichukua vigoda, wakaja kukaa.

Hapo ndipo Wayanomami walipoingia. Parokia yetu ilikuwa imepata Padri mgeni, mzee mpole kutoka Ulaya, aliyekuwa ametumika miaka mingi Amerika ya Kusini. Jumapili moja baada ya misa ya pili alitualika kwenye ukumbi tuangalie picha. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, mashine ikaunganishwa na betri ya gari, na ukutani wakatokea watu wa msituni, wekundu kwa rangi waliyojipaka, wenye vijiti vyembamba vilivyochomekwa pembeni mwa midomo. Padri alitueleza kwamba hao ni Wayanomami, wanaishi kwenye msitu mkubwa mpakani mwa Brazili na Venezuela, na kwamba wameamua kuishi vile walivyoishi babu zao ingawa dunia inawabishia hodi kila siku. Tukaona nyumba yao, moja kubwa ya duara, ambamo ukoo mzima hulala kwenye nyavu zilizoning'inizwa, wakwe na wakaza wana pamoja bila ukuta. Kina mama wa Inyonga waligeukiana gizani. Mmoja alisikika akisema kuwa ushujaa wa watu hao sasa ameuelewa, maana anayeweza kulala chumba kimoja na mama mkwe wake hawezi kuogopa chui.

Kisha ikaja picha ya mwanamume aliyekuwa akirina asali. Babu, ambaye mpaka hapo alikuwa akisinzia, aliinuka, na kivuli cha kichwa chake kikafunika nusu ya msitu wa Wayanomami. Alitaka kujua kienge kiko wapi. Padri akaeleza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kwamba nyuki wengi wa msitu ule hawana miiba, hawaumi. Babu alikaa, akainuka tena.

"Hawaumi?" aliuliza. "Basi hao si warina. Hao wanachota maji."

Watu walicheka hadi blanketi moja likaanguka dirishani. Ila mimi nilikuwa nimekaa karibu yake na niliona jinsi alivyoendelea kutazama ile picha, akipima unene wa mti na urefu wa tawi, na nilisikia akijisemea kwamba hata hivyo jamaa kapanda vizuri. Tulipotoka nje alikuwa ameshaamua jambo. Alimwambia Padri mlangoni, huku amemshika mkono, kwamba kuanzia leo Wayanomami ni watani wa Wakonongo, na awapelekee salamu kwamba wao ni wavivu. Padri alicheka bila kuelewa, akaahidi kuandika.

Ambaye hakukulia kwetu itabidi nimweleze hapa. Utani si dharau. Makabila ya watani yana ruhusa ya kutukanana bila mtu kukasirika, na anayekasirika ndiye mwenye hatia. Mtani anaweza kuingia nyumbani kwako akafunua chungu chako. Msibani ndiye anayekuja kumwigiza marehemu, akakohoa alivyokohoa, akatembea alivyotembea, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanatoka. Anaweza hata kulala kaburini kabla maiti haijashushwa, akakataa kutoka hadi apewe anachokitaka, na hakuna mfiwa wa kumgusa. Humtanii mtu usiyemhesabu kuwa mtu. Babu alipowatukana Wayanomami alikuwa amewaingiza ndani, na kuanzia siku hiyo aliishi nao. Mvua ikichelewa, Wayanomami wameizuia. Kuku akipotea, kala Myanomami. Na alipogombana na Januari aliwatumia kama mashahidi.

"Waangalie Wayanomami," alimwambia jioni moja mbele ya majirani wenye vigoda. "Wana msitu wao, mtu anavuka bahari kuja kuwapiga picha. Wewe na tumbaku yako, nani atakuja kukupiga picha?"

Januari alisema kwamba hao Wayanomami nao wakiliona bati watalitaka. Kisha akaongeza neno lililomuuma babu kuliko yote, kwa sababu lilikuwa la kweli. Alimuuliza ni nani aliyebandua magome ya mitundu kutengenezea mizinga, na ile miti iliyokauka imesimama porini bila hata jani, nani aliiua. Babu aliondoka akaenda kulala bila kula.

Likizo ikaingia. Wenzetu walifunga safari za kambini, moshi wa vienge vyao ukaonekana kwa mbali, na sisi tulikuwa bado nyumbani kwa kuwa ugomvi haukuwa umeisha. Nilikonda kwa huzuni. Bibi alisema nimekonda kwa sababu nagoma kula dagaa, lakini ilikuwa huzuni. Januari alikuwa ameanza bani lake kando ya korongo, amechimba msingi na shimo la tanuri, na ameshanoa shoka. Babu naye, kwa ubishi, alitangaza kwamba yeye hana ugomvi na mtu, anachompa Januari ni mafundisho, na mafundisho hayahesabiwi. Akavaa koti akaenda porini peke yake. Alirudi kabla jua halijafika utosini, jicho moja limefunga, mdomo wa juu umemtangulia, sikio la kushoto limekuwa zito hadi limelala. Januari alimtazama, akamuuliza kama yale mafundisho nyuki wameyapokea vizuri. Walitenganishwa na bibi kwa mwiko.

Siku hiyo bibi alijifunga kitenge cha kutokea akaenda kwa mzee Masanja. Huyu alikuwa Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka kaskazini, mtu mrefu, mwenye tumbo, na Wasukuma ni watani wetu wa siku zote. Babu alikuwa akimwambia kila asubuhi kwamba Msukuma akiona mti anauliza unakatwa kuanzia wapi, na Masanja akimjibu kwamba Mkonongo akioga mto unahama. Walipendana sana. Bibi hakutueleza walichozungumza. Alirudi akiwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaagiza maharage mengi yaloekwe.

Asubuhi iliyofuata Januari alishika njia ya porini na shoka, na sisi sote nyuma yake, babu mbele yetu na jicho lake moja. Tulipofika kwenye bani tulikuta watu. Ndani ya shimo la tanuri alikuwa amelala mzee Masanja, chali, mikono kifuani. Alikuwa amejipaka udongo mwekundu uso mzima hadi tumboni, na pembeni mwa mdomo alikuwa amebana njiti za ufagio, upande huu na upande huu. Chini alivaa suruali yake ya Jumapili, maana mkewe alikuwa amekataa katakata vazi jingine lolote. Mkewe mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo, amejishika kichwa, anaomboleza.

Januari alimwamkia, kwa sababu mzee ni mzee hata akiwa shimoni, kisha akamwomba atoke.

"Mimi siyo Masanja," ilisema sauti kutoka chini, kwa shida kidogo kwa ajili ya njiti. "Mimi ni Myanomami. Nimetumwa na wenzangu. Wao ni mbali, nauli ni shida. Tumesikia huku kuna msiba wa miti, na nyie ni watani wetu. Mnazika lini?"

Shoka la Januari lilishuka lenyewe. Angekuwa mtu mwingine angemvuta kwa mguu. Mtani huwezi, na mtani aliyelala kaburini huwezi hata kumkunjia uso. Alijaribu kusema hapa hapana kaburi, hili ni tanuri. Masanja akajibu kwamba kwao msituni hawajui tanuri, wao wakiona shimo na watu wenye shoka wanajua kuna anayeuawa. Babu alianza kuchekelea kwa nusu ya uso iliyokuwa bado inafanya kazi. Hapo Masanja akamgeukia.

"Na wewe unacheka nini, mfiwa? Njoo ukae."

Aliamuru utandikwe mkeka. Wafiwa, alisema, ni wenye miti, na wenye miti ni wawili, kwa hiyo watakaa pamoja kama inavyotakiwa. Hakuna aliyeweza kukataa, ndiyo sheria. Babu akakaa huku, Januari akakaa kule, mkeka wenyewe mdogo, mabega yakagusana. Kisha watu wakaanza kuja kutoa pole. Sijui bibi aliwapangaje, lakini walikuja kweli, mmoja mmoja, wakainama, wakawashika mikono wote wawili: poleni sana, mti mzee huo, ametuacha pabaya. Mama mmoja alilia hadi akatushtua. Bibi naye alikuwa ameshabandika maharage ya msiba, na moshi ukaanza kupita juu ya vichwa vyetu. Mchana ukaingia. Masanja aliletewa ugali na maharage shimoni, akala kwa kuzikwepa njiti zake, akadai na maziwa, akasema kwao msibani hunywewa maziwa. Sijui kama Wayanomami wamewahi kuona ng'ombe.

Alipokwisha kushiba aliuliza swali la msiba, ambalo mtani huliuliza kwa sauti ili wote wasikie: nani amemuua marehemu. Januari alisema hakuna aliyekufa, yeye hajakata hata kitawi. Masanja akainua mkono mwekundu kutoka shimoni, akaonyesha ng'ambo, pale mitundu iliyobanduliwa magome iliposimama mikavu, myeupe, mmoja nyuma ya mwingine. Akauliza basi wale ni nani, na waliuawa na nani, na mbona hawajazikwa. Nilimwona babu akiutazama mkono wake mwenyewe. Aliinama, nikaogopa kwamba sasa atakasirika na kila kitu kitaharibika, na kambi hatutaiona tena.

"Ni mimi," alisema babu.

Ndipo Januari akacheka. Hakucheka kwa kumshinda, alicheka kwa sababu bega la babu lilikuwa limemwegemea na koti lilikuwa puani kwake, na yeye, alivyotusimulia baadaye, alikuwa amebana pumzi tangu asubuhi. Babu naye akaanza, akishika shavu kwa maumivu, na wakacheka hadi wakaanguka mkekani wote wawili. Masanja alikataa kutoka mpaka maneno yasemwe. Yakasemwa palepale ukingoni. Ile mikavu iliyouawa na babu ndiyo itakayokuwa kuni za Januari, na ilikuwa mingi, ilitosha bani na ilitosha bati. Mibichi yenye mizinga haiguswi. Na babu kuanzia siku ile hatabandua gome la mti ulio hai, atachonga mizinga yake kwenye magogo yaliyoanguka. Babu alilalamika kwamba kuchonga gogo ni kazi ya kuvunja mgongo. Myanomami akamwambia asiwe mvivu.

Kumtoa Masanja kulihitaji wanaume wanne na kamba, kwa ajili ya yale maharage. Siku iliyofuata tulihamia kambini, na Januari ndiye aliyepanda kwenye mzinga wa kwanza. Nyuki hawakumgusa. Babu alisimama chini ya mti akimkosoa kila hatua, uso bado umevimba, na mimi nilikula asali nikaumwa tumbo kwa furaha. Padri alipopata habari alikuja kututembelea, akasikiliza kisa chote. Alichukua kibuyu kimoja, akasema angependa kuwaandikia wenzake wa kule.

Leo naishi Mpanda, ni mama wa watoto wanaokula asali ya chupa na kuuliza kama ina tarehe ya mwisho. Wayanomami mimi huwaona mara mojamoja kwenye taarifa ya habari, wachimba dhahabu wameingia kwenye mito yao, na watu wa mijini wanawasemea kwa majonzi makubwa, kwa heshima kubwa, bila tabasamu hata moja. Mimi huwa nakumbuka ukumbi wa parokia na kivuli cha babu. Nadhani hata wao wanao watani wao, nasi hatujaambiwa. Nawatakia hivyo. Babu na mzee Masanja wametangulia, bibi pia. Pori tumelishikilia, baba mdogo Januari ndiye analilinda, mzee mwenye mvi chini ya bati lake, na mizinga yake sasa ni ya mbao.

Mwaka jana alinipigia simu. Mtu mmoja amenunua eneo linalopakana nasi, anachoma mkaa, na msumeno wake wa mashine umeshavuka mpaka kuja upande wetu. Januari alikwenda kuzungumza naye. Wamepelekana kwenye baraza, wameitana tena, kesi ipo na inaendelea, na miti inaendelea kuanguka wakati kesi ikiendelea. Nilimuuliza huyo mtu ni wa wapi. Akasema alimuuliza hivyohivyo, siku ya kwanza, kwa upole, kabila lako gani, na yule kijana akamjibu kwamba mambo ya makabila yamepitwa na wakati, yeye ni Mtanzania tu. Jibu zuri, ndilo tulilofundishwa shuleni sote. Baba mdogo akamtaja mzee Masanja na lile shimo.

"Mwanangu, mimi sikuwa namtafutia ubaya," alisema. "Nilikuwa natafuta pa kumshikia."